Kurokawa Wakati wa Theluji: Simulizi ya Safari ya Kyushu

Tangu nirudi nimeulizwa sana, "Japani ulilala hoteli gani?" Jibu lake ni refu, ndiyo maana naandika. Kazi yangu ni usimamizi wa vyumba katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini Unguja, kwa hiyo nikilala kwa watu siwezi kujizuia: nafunua shuka, natazama pembeni mwa kabati, nanusa taulo. Mdogo wangu anasoma Fukuoka, katika kisiwa cha Kyushu, na kila tukizungumza alikuwa na wimbo mmoja, "Dada, njoo uone kijiji kimoja huku. Watu wanalipa pesa nyingi walale chini." Kijiji chenyewe ni Kurokawa, cha chemchemi za maji moto. Basi Februari nikaenda.

Haya nimeyapanga upya kutoka kwenye daftari na picha za simu. Siku za ndege nimeziruka. Unguja hadi Addis Ababa, Addis hadi Seoul, Seoul hadi Fukuoka, hakuna la kusimulia isipokuwa miguu kuvimba.

Jumatatu, 3 Februari. Fukuoka

Nianze na chakula, maana ndicho kilichonitia wasiwasi kuliko baridi. Ryokani, yaani nyumba ya wageni ya jadi, kwa kawaida huhesabu bei kwa kichwa, si kwa chumba, na ndani ya bei mna chakula cha usiku na cha asubuhi. Mpishi hununua vitu kwa kadiri ya wageni waliothibitisha. Ukifika mlangoni ndipo useme hiki sili na kile sili, umeshamtia hasara na chakula kitatupwa.

Mdogo wangu aliwaandikia wenye ryokani mapema sana: hatuli nguruwe, hatutumii pombe, pamoja na sake na mirini, ile pombe tamu ya mchele wanayotia kwenye michuzi. Wa mwanzo kuandikiwa walijibu kwa adabu zote kwamba hawataweza. Waliotupokea walijibu kwa maswali. Mchuzi wa soya uliochachushwa mnakula? Samaki wa mtoni je? Masufuria yetu ni haya haya ya siku zote, mnasemaje? Na mkoa wetu huu wa Kumamoto ni nchi ya nyama ya farasi, huliwa mbichi, imekatwa nyembamba, tuitoe? Nikamwambia mdogo wangu, "Itoe, tena kwa herufi kubwa." Lakini moyo ulitulia. Mtu anayeuliza maswali ya namna hiyo anaijua kazi yake.

Kwa atakayekwenda: andika kwa Kijapani, hata kama ni kwa programu ya kutafsiri, na taja kitu kimoja kimoja kwa jina. Neno "halali" peke yake halitawafikisha mbali. Nyama yao haitakuwa imechinjwa kwa utaratibu wetu, kwa hiyo omba samaki na mboga.

Jumanne, 4 Februari. Hakata hadi Kurokawa

Basi la moja kwa moja linatoka kituo cha Hakata, hapo hapo Fukuoka. Safari huchukua chini ya saa tatu na nauli ilizidi kidogo yeni 3,000 kwa kwenda tu. Wakati huo yeni 1,000 ilikuwa kama shilingi 17,000 za kwetu. Kata tiketi kabla, mabasi ni machache na siti zina namba.

Mvua ya theluji ilitukuta baada ya mji wa Hita. Dereva alisimama kituo cha kupumzikia, akavaa glavu, akaanza kufunga minyororo kwenye matairi. Hakuna abiria aliyeguna. Mimi nilivaa makoti mawili na bado meno yalikuwa yanagongana. Bibi mmoja wa siti ya mbele aligeuka akaniangalia, kisha akatoa mkobani machungwa madogo matatu na kijifuko cha kitambaa ambacho ukikitikisa kinajipasha moto chenyewe. Alinionyesha kwa ishara nikitie mfukoni mwa koti. Nikamuinamia, naye akaniinamia, nikamuinamia tena. Mdogo wangu akanong'ona, "Dada, acha, hamtamaliza leo."

Baada ya hapo ni mierezi ya Kijapani mwanzo mwisho. Mti huu wanauita sugi, umenyooka kama umepigiwa kamba, na milima ya Hita na Oguni inajulikana kwa mbao zake. Tulifika tumechelewa saa nzima na zaidi.

Kurokawa ipo katika mji wa Minamioguni, Mkoa wa Kumamoto, juu ya mwinuko wa karibu mita 700. Ni ryokani kama thelathini zilizojibana kwenye bonde jembamba la mto. Jambo la kwanza nililoliona ni kukosekana kwa kitu: hakuna mabango. Hakuna taa za rangi, hakuna ghorofa ya vioo, hakuna nyumba inayojitutumua juu ya mwenzake. Kuta ni za udongo wa njano na mbao nyeusi, na vibao vya majina ni vidogo, vya namna moja. Theluji ilikuwa imekaa juu ya mapaa, chini yake mvuke wa maji moto unapanda.

Mlangoni tulivua viatu. Viatu vyetu vikachukuliwa, na tulipotoka baadaye tulivikuta vimegeuzwa ncha kuelekea nje. Mama aliyetuhudumia ni wa umri wa mama yangu mzazi. Alipiga magoti kwenye mkeka, akatia chai. Mimi nimelelewa kumpigia shikamoo mtu wa rika hilo, siyo yeye anipigie magoti, nikashindwa kukaa. Nikapiga magoti na mimi. Akacheka, akasema neno, mdogo wangu akatafsiri, "Anasema usiumize magoti, yeye amezoea."

Chumba sasa. Tulichukua chenye sehemu mbili zilizotengwa kwa milango ya karatasi, mdogo wangu kwake, mimi kwangu. Ndani: meza fupi, mito ya kukalia, birika la chai, na kwenye kijisehemu cha ukutani kitawi kimoja cha mti wenye maua mawili. Basi. Hakuna kitanda, godoro linatandikwa usiku wakati mnakula. Kwetu chumba cha bei hii kingekuwa na bata wawili wa taulo wamebusiana kitandani, maua ya msanapichi yamemwagwa kila mahali, chupa ndogo nane za plastiki bafuni, na kadi ya kukuambia uokoe mazingira kwa kutofua taulo. Hapa taulo ni moja kubwa na moja ndogo, unatembea nazo. Shampuu iko kwenye chupa kubwa za kujazwa tena. Vitana na nyembe vipo mapokezi, anayetaka anachukua. Tangu Aprili 2022 Japani ina sheria inayozitaka hoteli zipunguze plastiki hizo za kutumia mara moja. Nilipitisha kidole juu ya kizingiti cha mlango, mahali ambapo wasichana wangu huwa wanapasahau. Hapakuwa na vumbi.

Nasema kwa kuwa ndiyo kazi yangu: chumba kitupu ni kigumu kusafisha kuliko kilichojaa. Penye mapambo uchafu una pa kujificha.

Chakula cha usiku kilikuja kidogo kidogo, kila kitu na chombo chake. Nitakieleza kimoja tu. Samaki wa mtoni, yamame, urefu wa kiganja, amepitishwa kijiti mwilini kwa kupindapinda hadi anaonekana anaogelea, akachomekwa wima kwenye majivu kando ya makaa. Chumvi imepakwa nene kwenye mapezi na mkia ili visiungue, lakini ubavuni imepita kidogo tu. Ngozi inavunjika kwa meno, ndani nyama laini, na kichwa nacho kinalika chote. Hakuna pilipili, hakuna limau, hakuna nazi, na sikuvitamani. Mzizi wa yungiyungi uliojazwa haradali, ambao ni sifa ya Kumamoto, ulinitoa machozi kwa ukali wake. Kachumbari ya majani ya haradali wanayoiita takana niliomba tena.

Jumatano, 5 Februari. Maji

Alfajiri niliswali. Kibla kutoka huku ni magharibi ikipanda kidogo kaskazini. Sikuhitaji mswala: tatami, mkeka wa sakafuni, imesukwa kwa nyasi za igusa, inanukia nyasi kavu, na ukipitisha mkono unasikia mishono kama mkeka wa ukili wa bibi yangu kule Makunduchi. Nimeambiwa sehemu kubwa kabisa ya igusa inayolimwa Japani inatoka Yatsushiro, mkoa huu huu.

Sasa suala la stara, najua wengi ndilo mnalosubiri. Katika onseni, yaani bafu la chemchemi ya maji moto, mtu huoga uchi. Nguo ya kuogelea hairuhusiwi. Wanaume kwao, wanawake kwao, lakini hata hivyo ni uchi mbele ya watu usiowajua. Kwa mimi hilo haliwezekani, na halikuwa lazima. Ryokani nyingi zina mabafu ya faragha, ya familia au ya kukodi kwa muda, unafunga mlango kwa ndani. Kwetu yalikuwa mawili, bila malipo ya ziada, ukikuta kibao kimegeuzwa ujue yumo mtu. Kwingine yanalipiwa, kwa hiyo uliza kabla hujakata nafasi.

Utaratibu: unakaa kwenye kigoda, unajisugua na kujisuuza mpaka povu liishe, ndipo unaingia. Nywele zifungwe. Kitaulo kidogo hakiingii majini, wengi hukiweka kichwani. Maji yalikuwa ya moto kiasi kwamba niliingia kwa awamu, vidole, magoti, kisha nikasema bismillahi nikajitosa. Theluji inakuangukia kichwani na mwili unaiva. Dakika kumi zinatosha, ukizidisha utatoka unaona nyota. Kunywa maji kabla na baada.

Maji hayo yanatoka ardhini yakiwa ya moto yenyewe, yanapita bafuni na kwenda zake bila kuzungushwa na pampu wala kupashwa kwa mafuta. Nilisimama muda mrefu nikitazama mfereji wa mbao yanapoingilia. Ukingo wake umeota ganda la madini, njano kwa nje, jeupe kwa ndani, gumu kama chokaa. Hoteli zetu zinapasha maji kwa umeme na jenereta, na mgeni mmoja hutumia maji mara nyingi zaidi ya mwanakijiji anayeishi nyuma ya ukuta. Huku moto wameukuta, sawa, ni bahati yao. Lakini jinsi wanavyogawana si bahati.

Nililiona hilo ofisi ya wageni, inayoitwa Kaze no Ya. Pale huuzwa kipande cha mviringo cha mbao ya sugi ya Oguni, chenye kamba ya kuning'iniza shingoni. Jina lake tegata. Nilikinunua yeni 1,500 kikiwa na vibandiko vitatu vya kukufungulia milango ya mabafu ya nje, hata ya nyumba usiyolala. Mzee wa pale alimsimulia mdogo wangu habari yake huku mimi nikiandika.

Mwaka 1964 ilifunguliwa barabara ya Yamanami inayopita milima hii, wageni wakaja kwa wingi, kisha wakapotea. Kijiji kikadorora. Palikuwa na mtu mmoja, Goto Tetsuya wa ryokani ya Shinmeikan, aliyechimba pango kwenye mwamba kwa tindo na nyundo, mwaka baada ya mwaka, akalifanya bafu. Watu walimcheka. Halafu akaanza kupanda miti ya kawaida ya msituni kuzunguka bafu lake, si miti ya bustani iliyokatwakatwa, na nyumba yake ikawa ndiyo inayojaa. Wenzake wakamwendea awafundishe, naye akawafundisha. Wakachimba mabafu ya nje karibu kila nyumba. Lakini baadhi ya nyumba hazikuwa na nafasi ya kuchimba hata kidogo. Badala ya kuwaacha wafe, mwaka 1986 wakaanzisha tegata, ili mgeni wa yeyote aoge kwa yeyote. Wakang'oa mabango yao, yapata mia mbili, wakaweka vile vibao vidogo. Usemi wao ni kwamba kijiji kizima ni ryokani moja: njia ni korido, nyumba ni vyumba. Sehemu ya fedha za tegata hurudi kwenye chama chao kutunza mandhari.

Mimi niliyekaa vikao vya hoteli vya kushindana bei na jirani nilimuuliza yule mzee, aliye na bafu zuri halalamiki? Akajibu kwamba analalamika kila mwaka, na kila mwaka anasaini.

Tegata yangu nilibandua vibandiko viwili tu, kimoja kwenye nyumba yenye bafu la faragha baada ya mdogo wangu kuwapigia simu, cha pili akakitumia yeye. Zilizokwisha matumizi wengine huzitundika kwenye kibanda cha Jizo, mlinzi wa wasafiri katika dini ya Kibudha, katikati ya kijiji, zimejaa mamia, nyingine zimepauka kwa mvua.

Jioni kuna taa za mianzi mtoni, mipira iliyosukwa na mabomba yaliyotobolewa. Huwashwa majira ya baridi hadi machipuko. Mianzi inatoka milima ya hapo hapo, ambako isipopunguzwa humeza msitu. Picha zangu zote zimetoka na ukungu.

Alhamisi, 6 Februari. Mbolea

Siku hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote, na haimo kwenye tangazo lolote. Asubuhi nilimuuliza mama wa nyumba mabaki ya jana yamekwenda wapi. Akafurahi mno, nadhani wageni hawaulizi. Tangu mwaka 2020 baadhi ya ryokani za Kurokawa hukusanya mabaki ya jikoni, huchanganywa na majani makavu na maganda ya mpunga, yakiiva yanakwenda kwa wakulima, na mboga zinarudi jikoni. Akapiga simu. Baada ya nusu saa alikuja mke wa mkulima mmoja na kirikuu.

Ndiyo, kirikuu, ile ile inayobeba mchanga na madumu ya maji kila mtaa Tanzania, ila hii ilikuwa haina hata mkwaruzo. Ina siti mbili tu, mdogo wangu akabaki. Tulizungumza kwa simu yake ya kutafsiri na kwa mikono. Aliniuliza nina watoto wangapi, akaniuliza mwanzi unaota kwetu, kisha tukanyamaza, maana kona zilikuwa na barafu.

Lundo lilikuwa chini ya kibanda cha mabati. Nje theluji imefika kwenye vifundo vya miguu, ndani lundo linafuka mvuke. Alichomeka kipimajoto kirefu, akasubiri, akanionyesha: nyuzi 60 na ushei. Akachimba kwa uma wa shamba, akanipa konzi. Nilitegemea harufu ya jaa. Ilikuwa harufu ya udongo wa chini ya mwembe baada ya mvua, na ndani yake niliona kipande cha ganda la yai na kijiti cha samaki, bila shaka ndugu wa yule niliyemla. Kijiti alikitoa, akasikitika kwa mdomo, akakitia mfukoni.

Kisha akafukua theluji shambani akang'oa figili nyeupe ndefu, akaivunja gotini, tukala pale pale. Ilikuwa tamu. Alieleza kwamba baridi ndiyo inayoitia sukari.

Wakati wa kurudi alisimama juu ya kilima nione upande wa Aso, mlima wa volkano. Ni nyasi tupu, za rangi ya simba, theluji imeshika mabondeni. Nyasi hizo huchomwa moto kwa makusudi kila mwishoni mwa baridi, wanakijiji pamoja, la sivyo zingegeuka kichaka. Inasemekana wamefanya hivyo kwa miaka elfu moja, na ng'ombe wao wekundu ndio wanaozila majira mengine. Mwaka 2013 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ukulima huo kama urithi wa dunia wa kilimo.

Nilitaka kumpa bakshishi. Alikataa kwa mikono miwili, karibu akimbie. Japani bakshishi haipokelewi, wala hotelini, wala kwenye teksi. Nilikuwa na mifuko midogo ya karafuu na mdalasini kutoka nyumbani. Hiyo aliipokea, akainusa, akainusa tena, akafunga vizuri.

Ijumaa, 7 Februari. Kurudi

Bili kwa mtu mmoja kwa usiku ilikuwa yeni 25,000 pamoja na milo miwili, na juu yake kodi ya onseni yeni 150. Ni pesa, sikatai. Wikendi hupanda, katikati ya wiki hushuka, na ryokani ndogo zisizo na chakula ndani ya bei hupatikana kwa chini ya nusu. Lipa kwa fedha taslimu au uliza kama kadi zinapokelewa. Kijijini usitegemee mashine ya kutolea pesa.

Yule mama na mwenye nyumba walisimama nje kwenye theluji wakitupungia mkono mpaka gari la kutupeleka kituoni lilipokata kona. Basi la asubuhi likachelewa tena, mdogo wangu akawa anatazama saa, maana alitaka kuiwahi Ijumaa. Fukuoka pana msikiti tangu 2009, wa kwanza Kyushu nzima, mtaa wa Hakozaki. Tulishuka Hakata tukakimbia na mabegi hadi kwenye treni, akaingia khutba inaelekea mwisho.

Kama mfuko haukuruhusu kulala, usikae nyumbani kwa hilo. Panda basi la asubuhi kutoka Hakata, nunua tegata, rudi jioni. Nauli za kwenda na kurudi pamoja na tegata zilikuwa yeni 8,000 na ushei. Chukua nafasi ya kurudi siku hiyo hiyo unapokata ya kwenda, beba chakula chako, na piga simu kabla kwenye nyumba zenye bafu la faragha. Kijapani hujui? Muombe mtu wa mapokezi pale Kaze no Ya akupigie. Mimi nilimuona akiwapigia wageni zaidi ya mmoja, na hakuna aliyemlipa.